Nchi Iliyokomea Kwenye Nzuri

Nchi hii haiko hapa. Popote ulipoketi unaposoma, usigeuke kutazama huku na huku, maana nchi yenyewe iko mbali sana, ng'ambo ya mipaka yote inayojulikana. Na ukikuta kitu chake kinafanana na cha kwenu, basi macho yako ndiyo yana matatizo, nenda ukayapime.

Watu wa nchi hiyo walikuwa na adabu moja waliyoinyonya pamoja na maziwa ya mama zao. Ukimuuliza mtu habari, kwanza anajibu nzuri. Hata kama anatoka kuzika, anajibu nzuri. Kisha anavuta pumzi kidogo, anatazama chini, na ndipo anasema ila.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri, ila paa limechukuliwa na upepo."

"Za wazee?"

"Njema tu, ila baba alitutoka juzi."

Hapo aliyeuliza husema pole, hutafuta pa kukaa, na husikiliza mpaka mwisho. Ndivyo watu walivyopeana habari, ndivyo walivyochangiana, na ndivyo walivyojua maji ya bomba gani yananuka na mkuu gani amehamisha uzio wake usiku. Nzuri ilikuwa mlango tu. Nyumba yenyewe ilikuwa nyuma ya ila.

Basi Serikali ikaunda Wizara ya Habari Nzuri, na Wizara ikapata Waziri, Profesa Mwinyikambi, msomi aliyekuwa na shahada nyingi hadi kadi yake ya jina ilibidi ikunjwe. Profesa alifanya utafiti. Alisafiri nchi nzima ndani ya gari lenye vioo vyeusi, akishusha kioo kidogo kila penye watu na kuuliza, "Habari zenu?" Watu wakijibu "Nzuri," alipandisha kioo na kuondoka kabla hawajavuta ile pumzi. Aliporudi alilihutubia Bunge.

"Waheshimiwa, nimewauliza wananchi wenyewe, kwa vinywa vyao wenyewe. Wote ni wazima. Nchi yote ni nzuri. Tuna tatizo moja tu, nalo ni dogo: wananchi wetu hawajui kunyamaza baada ya kusema ukweli."

Wabunge walipiga meza mpaka chai ikamwagika. Siku hiyo hiyo ikapita Sheria ya Kukomea, kwamba jibu la raia mwema linaishia kwenye nzuri, na lolote linalofuata ni uchochezi.

Ili sheria isikae bure, waliajiriwa Wasalimu wa Mtaa, vijana wenye suti za rangi ya maziwa, kila mmoja na kidude cha chuma kiganjani. Walipita mlango kwa mlango wakisalimia. Ukijibu nzuri, kidude kinabonyezwa, tik. Mwisho wa mwezi zinajumlishwa. Mwaka wa kwanza Profesa aliliambia Bunge kwa furaha kwamba nchi ilikuwa imevuna nzuri nyingi kuliko mahindi, na hakudanganya.

Haya yote Bi Siwatu aliyatazama kutoka kizingitini mwake na hakuyapenda. Alikuwa mjane, mtu wa msala na tasbihi, mwenye tabia ya kumtazama mtu mdomoni anaposema na machoni anaponyamaza. Mume wake, Mzee Vuai, fundi wa vitanda, alikuwa ameondoka kwa sheria hiyo. Kifua kilimbana, akapelekwa hospitali, daktari kijana akamuuliza, "Habari yako, mzee?" Na Mzee Vuai, kwa kuwa alilelewa vizuri, akajibu, "Nzuri, mwanangu." Daktari akamshika mkono, akampongeza, akaita anayefuata. Mzee Vuai alirudi nyumbani na hongera yake, akalala nayo, na hakuamka.

Tangu hapo Bi Siwatu alianza kushuku kila kinachoitwa kizuri.

Hakukosa cha kushuku. Mtaa wa nyuma nyumba ilishika moto, mwenyewe akakimbilia kituo cha zimamoto, akaulizwa habari, akajibu kama sheria inavyotaka. Askari walimkaribisha chai. Magazeti yalibaki ukurasa mmoja, na ukurasa wenyewe ulikuwa picha ya kiongozi wa nchi, aliyeitwa Mtukufu Mzima. Bi Siwatu alikuwa akifungia maandazi kwa gazeti hilo, na kwa kuwa macho yake hayakuwa ya kulala, aligundua kitu: zamani Mtukufu alipigwa picha akitazama mbele, siku hizi anaonyeshwa upande wa kushoto tu. Kila gazeti, kila bango, kila ukuta wa ofisi, shavu la kushoto. Alijiuliza kimoyomoyo la kulia limekwenda wapi. Kuuliza kwa sauti ilikuwa mambo mengine.

Hata misikitini ulipelekwa waraka. Dua za kuomba zimesitishwa, zibaki za kushukuru, kwa sababu anayeomba anatangaza hadharani kwamba kuna kilichopungua. Sheikh wa mtaa, mtu mpole mwenye watoto wengi, alizifupisha dua zake hadi waumini wakawa wanaitikia amina kabla hawajainua mikono vizuri. Bi Siwatu hakubishana naye. Alirudi kwake, akakaa kwenye msala, akashukuru kwanza kama inavyopasa, akavuta pumzi, na ndani ya moyo wake akamwambia Mola wake ila zote, moja baada ya moja. Huko hakuna Msalimu aliyewahi kufika.

Sasa, alikuwa na binti mmoja tu, Salha, mwalimu wa shule ya msingi.

Vitabu vya shule navyo vilikuwa vimesafishwa. Kamati ya Wizara ilipitia kila hadithi na kutoa sehemu yenye shida. Kwa kuwa shida katika hadithi hukaa katikati, hadithi zote zilibaki na mwanzo na mwisho. Watoto walisoma hivi: "Kobe na Fisi walilima shamba pamoja. Wakaishi raha mustarehe." Kitabu kizima kilikuwa chembamba kama kiganja, na kilisifiwa kwa wepesi wa kubebeka.

Lakini Kamati, ambayo wajumbe wake walijua sana kusoma, ilisahau kutazama picha. Mwisho wa hadithi Kobe alikuwa amechorwa na gamba lililopasuka vipande vipande. Mtoto mmoja wa kike akanyoosha kidole.

"Mwalimu, huyu Kobe alipasukia wapi?"

Salha alitazama mlangoni. Kisha alifunga kitabu, akakaa juu ya meza, akawasimulia watoto ile katikati iliyotolewa: jinsi Fisi alivyokula mavuno peke yake, jinsi alivyomwambia Kobe ashukuru, na jinsi Kobe alivyouliza swali lililomfanya Fisi ambamize kwenye jiwe. Watoto walisikiliza bila kupepesa. Wengine walilia, maana hawakuwa wamewahi kusikia kitu kikiharibika.

Kesho yake Salha alichukuliwa, mchana kweupe, chaki mkononi. Hati ya mashitaka ilisema: kusimulia katikati. Akapelekwa Chuo cha Kurudisha Shukrani, jengo jeupe juu ya kilima, ambalo watu walilipita wakitazama upande mwingine.

Tangu siku hiyo Bi Jokha, jirani wa ukuta kwa ukuta, alizidisha kuja. Leo anaazima chekecheo, kesho anarudisha chekecheo.

"Shoga, habari za Salha?"

"Nzuri."

"Nzuri kabisa?"

"Nzuri ina kabisa yake, Jokha? Chukua chekecheo lako."

"Chekecheo ni lako, shoga."

"Basi liache."

Jokha aliliacha, lakini hakuondoka haraka. Bi Siwatu alimsindikiza kwa macho mpaka mlangoni. Mjukuu wa Jokha alikuwa darasa lile lile la Salha. Alikuwepo siku ile ya Kobe. Bi Siwatu alihesabu tu tasbihi yake.

Halafu siku moja gari la vioo vyeusi lilisimama mbele ya nyumba. Profesa Mwinyikambi aliingia bila hodi, kwa kuwa hodi nayo ilikuwa imeondolewa, ilionekana inawapa watu fursa ya kusema hapana. Alikaa kwenye kitanda alichokichonga Mzee Vuai mwenyewe, kikatoa mlio kidogo.

"Bibi, habari zako?"

"Nzuri."

Msalimu mlangoni akabonyeza. Tik.

"Ndiyo maana tumekuchagua," alisema Profesa. "Unajua Siku ya Salamu Kuu inakaribia. Mtukufu Mzima anamsalimia mwananchi mmoja kwa niaba ya wote, na huyo anajibu kwa niaba ya wote. Redio inarusha nchi nzima. Mwaka huu ni wewe."

"Mimi mjane wa kuuza maandazi?"

"Hasa. Mjane, mcha Mungu, na binti yake yuko mikononi mwetu. Mtu kama wewe akisema nzuri, nani mwingine atathubutu kusema vingine?" Profesa alitabasamu kwa meno yote. "Ukiisema vizuri, binti yako atarudi nyumbani."

"Atarudi yeye," aliuliza Bi Siwatu, "au ataletwa?"

"Bibi, hilo ni swali."

"Mdomo wangu umezoea, Profesa, unisamehe. Na nikikosea?"

Profesa alinyanyuka, akajipangusa suruali. "Kwa nini tuzungumzie mambo yasiyo mazuri?"

Alipoondoka, Bi Siwatu alikaa kwenye ukingo wa kitanda muda mrefu. Mtego aliuona vizuri. Kila mtu aliyekuwa na lake moyoni angemsikia mama wa mfungwa akisema habari ni nzuri, na angelimeza lake milele. Lakini upande wa pili wa mtego alikuwa Salha, na Salha hakuwa na mama mwingine. Alisema moyoni, "Ewe Mola, nitasema nzuri. Umeniona, usije ukasema hukuniona."

Mazoezi yalifanyika ofisi ya Wizara, mbele ya mkufunzi mmoja aitwaye Bwana Faki, kijana mnene aliyebanwa na koti jipya la serikali. Bwana Faki alijifanya Mtukufu, Bi Siwatu akajifanya yeye mwenyewe.

"Habari za nyumbani, mwananchi?"

"Nzuri."

"Hapana, bibi. Umesema kama mtu aliyekula pilipili. Itoke kifuani, ipande, ikae."

"Nzuri."

"Sasa umesema kama unamfukuza kuku. Tuanze tena. Habari za nyumbani?"

Wakaendelea hivyo hadi Bwana Faki akaloa jasho shingoni. Bi Siwatu akamtazama machoni, maana alikuwa amenyamaza, akaona kijana wa watu amechoka kweli. Na kwa mazoea tu, bila kukusudia kitu, akafanya alichofanya maisha yake yote kila aliposalimiwa. Akarudisha salamu.

"Nzuri, mwanangu. Na wewe, za kwako?"

"Nzuri, bibi," alijibu Bwana Faki, akavuta pumzi, akatazama chini, "ila hili koti linanikaba, na mke wangu tangu ajifungue hata..."

Akaganda. Mdomo ulibaki wazi. Alitazama dari, akatazama kabati, akamtazama Bi Siwatu kama mtu aliyeshikwa mkono ndani ya chungu cha jirani.

"Bibi, sikusema kitu."

"Hukusema."

"Nilikuwa nafundisha mfano wa kosa."

"Mfano umeeleweka, mwanangu. Mkeo pole yake."

Bwana Faki aligeuka akatazama ukuta, na mabega yake yakatikisika kidogo. Mazoezi ya siku hiyo yakafungwa mapema. Katika taarifa yake aliandika kwamba mwananchi yuko tayari.

Njiani Bi Siwatu alitembea polepole. Sheria ilikuwa imefikiria kila kitu: anayelalamika, anayenong'ona, hata wagonjwa waliokuwa wakionyesha kwa kidole pale panapouma, wakatungiwa kanuni ya vidole. Lakini Wizara ilijifunza kusalimia tu. Haikuwahi kusalimiwa. Wasalimu walipita milango yote ya nchi na hakuna aliyethubutu kuwauliza za kwao. Na yule wa juu kabisa, aliyesalimia taifa zima kila mwaka, ni lini mara ya mwisho mtu kumuuliza hali? Akalikumbuka shavu la kulia. Akaacha kutembea. Kisha akaendelea, haraka kidogo, uso ukiwa hauonyeshi kitu, kwa sababu Bi Jokha alikuwa dirishani.

Siku ya Salamu Kuu uwanja wa mpira ulijaa hadi juu ya ukuta. Watu waliletwa kwa malori wakiwa na nyuso zao nzuri. Wasalimu walisimama kila safu, vidole juu ya vidude. Sheikh Mkuu alisoma dua ya shukrani iliyokwisha kabla kipaza sauti hakijawashwa. Profesa Mwinyikambi alihutubia kuhusu nzuri kama nguzo ya uchumi, nzuri kama kinga ya mwili, nzuri na changamoto zake, akakumbuka kwamba changamoto hazipo, akarudi nyuma kuifuta ile sentensi.

Mtukufu Mzima aliketi kwenye kiti cha enzi kilichogeuzwa ubavu, shavu la kushoto kwa wananchi. Alikuwa na kilemba kilichoteremshwa hadi taya ya kulia. Bi Siwatu alipandishwa jukwaani na kusimamishwa mahali palipochorwa alama, lakini alikuwa mtu mzima, akajifanya haoni vizuri, akasogea hatua kidogo kulia. Hapo akaona. Chini ya kilemba shavu lilikuwa limevimba kama andazi lililozidi hamira.

Mtukufu aliinamia kipaza sauti. Alisema kwa upande mmoja wa mdomo.

"Habari za nyumbani, mwananchi?"

Bi Siwatu alimwona Profesa, mikono tayari kupiga makofi. Alimwona Bwana Faki nyuma yake, akitazama viatu vyake. Akamfikiria Salha kule kilimani. Akaisema kutoka kifuani, ikapanda, ikakaa.

"Nzuri."

Tik, tik, tik, uwanja mzima, kama mvua inayoanza kwenye bati. Profesa akagonganisha viganja kwa mara ya kwanza. Na kabla havijagongana tena, Bi Siwatu alisema, kwa upole, kama anavyomuuliza mtu aliyemkuta kisimani:

"Na wewe, baba, za kwako?"

Mtukufu Mzima alikuwa mtawala, lakini kabla hajawa mtawala alikuwa mtoto wa mtu, na mama yake alimlea vizuri.

"Nzuri, bibi," alijibu. Akavuta pumzi. Akatazama chini. Profesa aliinuka kwenye kiti, mkono umenyooshwa kama mtu anayeona glasi ikidondoka.

"Ila jino."

Redio ilirusha. Nchi nzima ilisikia.

"Jino hili la nyuma," alisema Mtukufu, na sasa hakuwa anasema na taifa, alikuwa anasema na huyu bibi. "Tangu mfungo. Silali, bibi. Kila daktari akija ananiuliza habari, namwambia nzuri, ananipigia saluti anaondoka. Nakula uji. Uji mtupu, mimi. Na ukimuuliza mtu yeyote mule ndani jambo lolote, nzuri. Paa la chumba changu linavuja juu ya mto, nauliza, naambiwa nzuri. Sijui hata kama nchi ipo."

Hakuna aliyejua la kufanya, kwa kuwa la kufanya lilikuwa limefutwa. Halafu, mahali fulani kwenye safu za nyuma, sauti ya kizee cha kiume ikatoka yenyewe, kwa mazoea ya zamani.

"Pole, Mtukufu."

"Pole," akasema mwingine.

"Pole sana," wakasema wa ukutani.

"Hata mimi jino," akasema mwanamke mmoja, "na maji yananuka."

"Kwetu shule haina paa."

"Mimi mwanangu yuko kilimani kule."

Ikatoka kila upande, ila juu ya ila, watu wamegeukiana, wanaulizana, wanapeana pole, wanatafuta pa kukaa. Wasalimu walitazama vidude vyao, ambavyo havikuwa na kitufe cha hayo. Kwenye safu ya tatu Bi Siwatu alimwona Bi Jokha amesimama peke yake, mkono mdomoni, hasemi na mtu. Kisha redio ikakatwa ikapigwa muziki wa harusi.

Jioni Serikali ilitoa tangazo. Lilisema Mtukufu Mzima hakusema ila, alizindua ila. Kuanzia siku hiyo ni Ila ya Taifa, na kila mwananchi mzalendo anaruhusiwa, kwa kuonyesha mshikamano, kuumwa jino. Maumivu mengine yote yanabaki marufuku. Profesa Mwinyikambi aliteuliwa kuwa Waziri wa Meno, akanunua vitabu.

Watu wa nchi hiyo hawakuchelewa kuizoea ruhusa. "Habari za mtaani?" "Nzuri, ila jino letu la bomba halijatoa maji wiki nzima." "Za kazini?" "Nzuri, ila jino la bosi limekula mishahara." Wasalimu waliandika meno tu, na takwimu za Wizara zikaonyesha taifa zima lina kinywa kibovu. Wageni wafadhili walileta miswaki.

Kuhusu Salha, Wizara ilitatizika. Bi Siwatu aliambiwa aseme nzuri na alisema nzuri, tena kwa kiwango. Alilosema baadaye halikuwa na kifungu. Wakabishana siku kadhaa kama apewe nishani au afungwe, na kwa kuwa hawakuafikiana wakafanya kilichokuwa rahisi, wakamrudisha binti.

Aliletwa asubuhi na gari jeupe. Alikuwa amepungua, nywele zimekatwa, amevaa sare iliyonyooshwa. Alikaa kwenye kitanda cha baba yake, mikono juu ya magoti, mgongo wima. Bi Siwatu alimtazama kwa jicho lile lile alilomtazamia Profesa. Alikuwa ameuliza kama atarudi au ataletwa, na hakupata jibu. Alimimina chai ya tangawizi, akaweka na andazi.

"Habari za huko, mwanangu?"

"Nzuri sana, mama."

Ilitoka kifuani, ikapanda, ikakaa. Ilikuwa imefundishwa na mtu anayejua kazi yake. Bi Siwatu aligeuza kikombe, kishikio kikamwelekea Salha. Kwenye dirisha lililofungwa nusu aliona upindo wa kanga ya Bi Jokha, umetulia kabisa, kama nguo iliyoanikwa. Lakini upande ule hapakuwa na kamba ya nguo.

Alinyanyuka, akaenda dirishani. Zamani angelifunga. Alilisukuma likafunguka lote.

"Jokha, unaniziba mwanga. Ama ondoka, ama ingia ukae usikie vizuri."

Kanga ilisita. Kisha hatua zikazunguka nyumba, na mlangoni ikasikika sauti ndogo, ya neno lililokuwa limepigwa marufuku.

"Hodi."

Bi Siwatu alimtazama jirani yake aliyesimama kizingitini, macho mekundu, chekecheo mkononi.

"Karibu," alisema mwishowe. "Kaa pale, nikuone."

Jokha akakaa chini, karibu na mlango. Bi Siwatu alirudi kwa binti yake, wala hakuuliza tena. Alisubiri. Chai ilipoa juu, ikafanya utando.

Salha alivuta pumzi. Akatazama chini.

"Ila," alisema.

"Ila nini, mwanangu? Jino?"

Binti alitikisa kichwa. Mgongo uliokuwa wima ukaanza kulegea polepole.

"Si jino, mama."

"Najua," alisema Bi Siwatu, akavuta kigoda karibu. "Mwanzo tunaujua, na mwisho wametuandikia. Nisimulie katikati."